Pima Mtumbwi Kabla Haujaoza

  

Leo tuzungumze juu ya vyombo vya majini. Sitasema habari za nauli, wala za ajali, wala za kodi za bandarini. Hayo mnayasikia kila siku. Nataka kusema juu ya vyombo vidogo vya mbao, ambavyo mtu huvijenga nyumbani kwa mikono yake, kwa kupenda tu, kisha akaviweka juu ya meza. Hapa kwetu Kisangani wengi tunaviita maketi. Maketi ya mtumbwi. Maketi ya balenieri, lile boti la mbao za kupigilia. Maketi ya meli kubwa kama zile za ONATRA, Colonel Ebeya na wenzake, zilizokuwa zikisukuma mabaji yaliyojaa watu, mbuzi na samaki wa moshi.

Najua kuna aliyekwisha kucheka. Anasema: mtu mzima na akili zake achonge mtumbwi wa kuchezea? Huo si mchezo wa watoto? Ngoja kidogo, usizime redio.

Ni kweli, watoto wametutangulia. Pita Mangobo au Kabondo siku isiyo ya shule utawaona wamekaa chini na vipande vya parasolier, ule mti mwepesi tunaouita kombokombo, wanachonga. Mmoja anatengeneza gari, mwingine mtumbwi. Mvua ikinyesha na mfereji ukajaa, mitumbwi inashushwa majini, na kelele zake unazijua. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Lakini mtoto anachonga anachokumbuka. Mtu mzima anayejenga maketi hupima kwanza chombo chenyewe, kisha ndiyo anachonga. Tofauti yao ni hiyo, na leo nitairudia mpaka mnichoke: kupima.

Kwa nini kupima? Sikilizeni habari mbili, moja ya zamani sana, nyingine ya jana tu.

Ya kwanza ni ya Misri. Mwaka 1920 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Herbert Winlock walifungua chumba kilichofichwa katika kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Meketre, huko Thebes, ng'ambo ya Luxor. Kaburi hilo lina umri wa miaka 4,000 hivi. Ndani walikuta vyombo vidogo vya mbao vya mto Nile, vimepakwa rangi, watu wadogo wamekaa ndani na makasia mikononi. Kimojawapo kilikuwa jiko: chombo kinachofuata cha bwana mkubwa nyuma, watu wake wanapika. Nani kati yenu aliyewahi kusafiri mtoni siku nyingi atashangaa? Si hata leo makaa yanawashwa ndani ya balenieri na mama anageuza ugali huku safari inaendelea? Na kulikuwa na vyombo viwili vya mafunjo vikivuta wavu mmoja katikati yao, na samaki ndani. Basi leo, miaka 4,000 baadaye, mtu anaweza kusimama mbele ya vile vidude akaona jinsi watu wa Nile walivyovua. Vyombo vyenyewe vikubwa vilioza zamani. Vile vidogo vipo.

Habari ya pili ni ya pwani, kwa Waswahili wenyewe. Visiwani Lamu na jirani zake palikuwa na jahazi lililoitwa mtepe. Halikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Mtepe ulibeba boriti na bidhaa nyingine baharini kwa muda mrefu sana, kisha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka. Hakuna hata mmoja uliobaki. Mafundi wake walikufa, na mitepe yenyewe ikaishia kuoza ufukweni.

Sasa nawauliza: mwaka 2003, watu wa Zanzibar walipotaka kujenga mtepe tena kwa ukubwa wake kamili, walitazama nini? Walikuwa na picha za zamani, maandishi machache, na maketi. Vile vidogo vilivyochongwa na watu waliouona mtepe kwa macho yao, vikahifadhiwa kwenye makumbusho. Kutoka hapo ndipo ukazaliwa mtepe uliopewa jina la Shungwaya, ukawekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe. Na tazameni dunia ilivyo: Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Kumbe hata jumba la sultani si mahali pa kuwekea kumbukumbu yako yote. Afadhali maketi ishirini katika nyumba ishirini.

Haya, turudi nyumbani. Sisi wa Kisangani tuna nini?

Tuna mto. Juu yetu kuna maporomoko saba ya Boyoma, kilomita mia moja hivi mpaka Ubundu, ambako meli haipiti. Chini yetu kuna njia ya maji ya kilomita 1,700 na zaidi mpaka Kinshasa. Kila aliyekuja hapa zamani alikuja kwa chombo, au alikibeba chombo chake kichwani. Narudia: alikibeba kichwani. Mwaka 1874 msafiri Stanley aliondoka Bagamoyo na boti ya mbao iliyoitwa Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vitano ili ibebwe. Waliobeba walikuwa wapagazi, Wangwana wa pwani wengi wao, na kwa safari kama hizo Kiswahili kikafika mpaka huku. Januari 1877 walipita kwenye maporomoko yetu, wakiburuta boti na mitumbwi msituni kwa njia waliyoikata kwa mashoka.

Miaka michache baadaye ikaja meli ya mvuke ya wamisionari Wabaptisti, jina lake Peace. Hii naipenda zaidi, na nitawaambia sababu. Ilijengwa Chiswick, London, na kiwanda cha Thornycroft. Wakaijaribu kwenye mto Thames mwaka 1882. Ilipokwenda vizuri, wakaifungua yote, kipande kwa kipande, wakaipanga katika mizigo midogo ambayo mtu mmoja anaweza kubeba. Mamia ya mizigo. Ikapandishwa kwa miguu kutoka bahari mpaka Pool, pale ilipo Kinshasa leo, kwani reli haikuwepo bado. Reli yenyewe ilikamilika mwaka 1898. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuja kuiunganisha walikufa kwa homa kabla hawajaigusa. Ikabaki kazi ya mmisionari mwenyewe, George Grenfell, na wafanyakazi Waafrika, kuipanga ile meli kutoka kwenye rundo la vyuma. Juni 1884 ikashushwa majini. Desemba mwaka huohuo ilikuwa hapa, chini ya maporomoko. Grenfell alikufa mwaka 1906 pale Basoko, katika mkoa wetu huu wa Tshopo.

Sasa, kwa nini naipenda? Kwa sababu anayejenga maketi anafanya kazi ileile. Anazo sehemu mbele yake mezani, zina namba, na anatafuta ipi inatangulia. Ndugu zetu wa Kigoma wanayo habari kama hiyo: meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikajengwa upya ukingoni mwa Tanganyika. Historia ya meli za ndani ya Afrika, nyingi yake ni historia ya kufungua na kufunga.

Lakini msidhani nawaomba mjenge meli za Wazungu. Nasema wazi. Huko Ulaya na Marekani wapenzi wa kazi hii ni wengi, na duka linawauzia sanduku lenye mbao zilizokwisha kukatwa, kamba, mizinga midogo ya shaba na kitabu cha maelekezo. Wengi sana wanajenga meli moja tu, Victory ya Admirali Nelson wa Uingereza. Sina ugomvi nao; ni meli yao. Ila Victory ina michoro ya kutosha, na yenyewe ipo mpaka leo huko Portsmouth, unaweza kwenda kuigusa. Mtumbwi wa Wagenia unaopita katikati ya mawe ya maporomoko, nani ameuchora? Fundi wa Walokele anayechonga mtumbwi wa biashara, vipimo vyake viko wapi? Muulize. Atakuonyesha jicho lake na mkono wake.

Na muda haungoji. Mti mkubwa wa mvule, ule ambao wauza mbao huuita kambala au iroko, hauko tena karibu na mji. Mtumbwi wa gogo moja unaachia nafasi chombo cha mbao za kupigilia. Balenieri nazo, kila zinapozama, tunasikia maneno kwamba zipigwe marufuku, zije za chuma. Pengine siku moja zitaondoka kweli. Kwa usalama wa watu wetu, zikiondoka sitalia. Ila zisiondoke bila mtu kuandika zilijengwa vipi.

Basi, twende kwenye kazi yenyewe. Wenye kalamu, shikeni kalamu. Wasio na kalamu, sikilizeni tu, nitasema polepole.

Anza na mtumbwi wa gogo. Usianze na meli. Nenda ukingoni asubuhi, salimia wenye mtumbwi, omba ruhusa. Ukisema, "Papa, naomba nipime mtumbwi wako, nataka kuuchonga mdogo," atakutazama kwanza kama mtu wa kodi. Mwambie tena. Akielewa, yeye mwenyewe atashika ncha ya pili ya utepe.

Pima urefu, ncha mpaka ncha. Pima upana katikati, kisha upana robo ya mbele na robo ya nyuma. Pima kina ndani. Pima unene wa ukingo. Halafu lile umbo la tumbo, lile linalomshinda kila mtu, ulichukue namna hii: tafuta waya laini, uukandamize nje ya mtumbwi kutoka ukingo hadi chini mpaka ushike mpindo wake, uutoe taratibu bila kuukunja, uulaze juu ya karatasi au kadibodi, ufuate kwa kalamu. Umepata. Fanya hivyo katikati, mbele na nyuma. Hizo kadibodi tatu ukizikata ndizo zitakuwa hakimu wako unapochonga: unaziweka juu ya ubavu wa maketi, unaona wapi bado pamevimba.

Sasa, udogo kiasi gani? Nashauri kila mita moja iwe sentimita tano. Narudia: mita moja, sentimita tano. Mtumbwi wa mita kumi unakuwa nusu mita, unakaa vizuri juu ya kabati, na hesabu yake haihitaji mashine. Muhimu ni kwamba kipimo kiwe kimoja kwa kila kitu. Ukipunguza urefu, punguza na unene, punguza na kasia, punguza na mvuvi. Maketi nyingi zinazouzwa kwa wageni zinaharibika hapa: mtumbwi ni mdogo, kasia ni la jitu.

Mti gani? Kwa mara ya kwanza, kombokombo. Ni mwepesi, kisu kinapita, na ukikosea hujapoteza kitu. Mkono ukizoea, tafuta mti wenye nyuzi za karibukaribu: tawi la mpera, la mchungwa, la mlimau. Kwa nini si iroko yenyewe, mti wa mtumbwi halisi? Kwa sababu vitundu vyake vinaonekana kwa macho. Juu ya mtumbwi wa mita kumi havina neno. Juu ya maketi ya nusu mita, kila kitundu kinakuwa kama shimo la panya, na jicho linakataa. Tawi lako likaushe kivulini kwanza, ncha zake umezipaka rangi au nta lisipasuke. Afrormosia iacheni, ule ni mti wa kulindwa, umeorodheshwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1992, na hatuna haja ya kuukata kwa ajili ya kabati.

Chonga nje kwanza, umalize kabisa, halafu ndipo uchimbe ndani. Ukianza na ndani, utakosa pa kushika, na ubavu utatoboka. Unapofika chini, nenda na kipande cha chupa au cha msasa badala ya kisu. Inua mtumbwi wako juani mara kwa mara: mahali palipokuwa pembamba kupita kiasi, mwanga utaanza kupita. Hapo simama.

Balenieri ni darasa la pili. Hapo kuna mkuku chini, kuna mbavu, kuna mbao za kufunika. Kosa la karibu kila anayeanza ni hili: anakata mbao zote upana mmoja. Katikati ya chombo zinakaa sawasawa, zikifika mbele zinapandana, zinabenuka, anaanza kuzilazimisha kwa gundi. Gundi haimsaidii. Chombo ni kinene tumboni na chembamba mbele. Basi na ubao lazima uchongwe, uwe mpana katikati na uende ukipungua kuelekea ncha. Fundi wa bandarini anajua hilo bila kitabu. Kaa naye nusu siku, umtazame anavyouweka ubao ubavuni, anautia alama, anautoa, anaukata, anaurudisha. Na ubao mdogo usiokubali kupinda, uloweke kwenye maji ya moto, kisha uupinde polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa moto. Utakubali.

Mnaniuliza: kazi hii si ya upweke? Ni ya upweke kama mtu akiifanya peke yake, naye ataiacha. Nimeona wengi wanaoanza, wakafika kwenye mbavu, wakatupa chini ya kitanda. Wenzetu wa nchi nyingine wamelijua hilo zamani. Marekani kuna chama chao, Nautical Research Guild, kilichoanzishwa mwaka 1948, wana mpaka jarida lao. Na siku hizi mtu wa Brazil na mtu wa China wanaonyeshana kwa simu maendeleo ya kila hatua. Hapa ndipo pana akili: hawaonyeshi chombo kilichokwisha kupakwa vernis tu. Wanaonyesha ubao uliovunjika, wanauliza, wanajibiwa, wa mbele anamvuta wa nyuma. Vijana wetu wana simu. Picha wanapiga kila siku, nyingine hata hazina sababu. Wapige picha ya mbavu za balenieri.

Na pesa je? Nilijua swali hili litakuja. Kisiwani Morisi, katika Bahari ya Hindi, kuna watu wanaoishi kwa kazi hii. Pale Goodlands kuna karakana zinazotengeneza maketi za meli za zamani na kuziuza kwa watalii na wakusanyaji wa dunia nzima. Pale Lamu na Zanzibar huwezi kupita madukani bila kuona vijahazi. Inawezekana, basi. Lakini ushauri wangu ni kwamba usianze na soko. Anayeanza na soko anachonga haraka, anachonga kile mgeni anachodhani ni Afrika, na baada ya mwaka hakuna tena mtumbwi wa Kisangani pale. Kuna kitu chenye umbo la ndizi. Anza na vipimo. Mnunuzi mwenye macho atakuja, na akija atakuta kitu cha kweli.

Nawaomba walimu wa shule za ufundi wanaonisikiliza: mnatafuta kazi za mikono za kuwapa wanafunzi kila mwaka. Viti vidogo vimetosha. Mpeni kila mwanafunzi chombo kimoja cha mto akipime, akichore, akichonge, na chini ya maketi aandike jina la fundi aliyejenga kile kikubwa, mahali na mwaka. Hesabu ipo humo, uchoraji upo, historia ipo.

Na wewe mwenye mtumbwi, au baba yako anao, au babu amekwisha kuuacha umelala kichwa chini nyuma ya nyumba, huna haja ya kujua kuchonga. Kabla ya Jumapili tafuta utepe wa fundi cherehani, pima yale niliyoyasema: urefu, upana mara tatu, kina, unene wa ukingo. Andika jina la mti na jina la aliyeuchonga. Andika mara mbili: karatasi moja ubaki nayo, ya pili tuletee hapa redioni, kwa mlinzi wa mlangoni. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma vipimo vya kwanza vitakavyofika, na kama vinatoka Lubunga, Isangi, Basoko au Ubundu, tutasoma navyo.